Steroidi inabana mishipa ya damu au inaiotesha? Mbona waliojikoroga wanatoka vimishipa vyekundu mashavuni?

#1 Fundi Simu wa Buza

Habari za jioni wakuu.

Nina kibanda cha kutengeneza simu, ukuta kwa ukuta na saluni. Kuna dada pale saluni, jina namhifadhia, alianza kujipaka zile krimu za tyubu za muwasho. Anaminya tyubu mbili tatu ndani ya losheni, anakoroga, anapaka asubuhi na jioni. Mwanzoni kweli alitakata, mpaka wateja wakawa wanamwomba awakorogee na wao. Sasa hivi ukisimama naye karibu mchana kweupe, mashavuni na pembeni mwa pua vimetambaa vimishipa vyekundu vyembamba, unaweza kuvihesabu. Akisogelea joto la draya uso wote unawaka.

Nikaingia mtandaoni kusoma. Kila ninapopita wanasema mle ndani mna steroidi, na steroidi hubana mishipa ya damu, tena huzuia mishipa mipya isiote. Sasa kama inabana na inazuia, hii ya dada imetoka wapi?

Halafu nikakumbuka shemeji yangu alipokuwa mjamzito alitokwa na vidoa vyekundu vyenye miguumiguu kifuani. Nesi akasema ni homoni, akijifungua vitapotea, na kweli vilipotea. Na hizo homoni za mimba nazo nasikia ni steroidi! Kwa hiyo steroidi inaotesha mishipa au inaiua? Wataalamu tiririkeni, lugha nyepesi tafadhali.

#2 Kigoda cha Mbele

Nimekaa paleee. Karanga ninazo.

#3 Chuma Ulete

Steroidi ninazozijua mimi ni za kunyanyua vyuma. Ben Johnson, Seoul 1988, mita 100 kwa sekunde 9.79, siku chache mbele wakamvua medali. Sasa dada wa saluni naye anatunisha mashavu?

#4 Mama Tumsifu

Chuma Ulete 😂 rudi gym baba.

Steroidi ni ukoo mzima, si dawa moja. Zile za mwilini zote hutengenezwa kutoka kwenye kolesteroli. Kuna kortisoli inayotoka tezi zilizokaa juu ya figo, na hukohuko kuna aldosteroni inayoshughulika na chumvi. Kuna estrojeni na projesteroni, kuna testosteroni. Ile ya Ben Johnson, stanozololi, iko upande wa testosteroni. Za kwenye tyubu, betamethasoni na klobetasoli, ziko upande wa kortisoli. Ndiyo maana mleta uzi anapata majibu yanayogombana: ameuliza swali moja kwa watu watano.

Kuhusu dada, nimekaa nyuma ya kaunta ya famasi muda mrefu na jibu langu ni fupi. Mishipa haijaota. Ilikuwepo siku zote, ngozi ndiyo imeisha. Klobetasoli inazilaza zile seli zinazotengeneza kolajeni, ngozi inakonda, kilichokuwa chini kinaonekana juu. Ndiyo sababu hiyohiyo wanapata michirizi mapajani na kwapani, na wakijigonga kidogo tu wanavilia damu. Karatasi ya klobetasoli inasema isizidi wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki. Huyo anaminya tyubu tatu kwenye losheni moja!

#5 Bin Likoni

Salaam aleikum jamaa. Mama Tumsifu kasema kweli, ila kweli nusu. Ikiwa ni ngozi kukonda tu, mbona akiacha kupaka siku mbili tatu uso wazidi kuwa mwekundu, wawasha, wachoma? Ngozi haikondi kwa siku mbili. Dadangu mkubwa alijaribu kuacha kabla ya Idi, akashinda ndani siku ya sikukuu, wageni wakaambiwa ana malaria. Siku ya tatu akarudi kwa tyubu yake, jioni uso ukatulia. Hapo pana kitu chengine.

#6 Maabara Chumba cha Pili

Bin Likoni umegusa penyewe.

Kubana mishipa si maneno ya mtandaoni, ndiyo kipimo chenyewe cha nguvu ya hizi krimu. Mwaka 1962 McKenzie na Stoughton walipaka steroidi mbalimbali kwenye ngozi ya mkono, wakafunika, kesho yake wakaangalia wapi ngozi imepauka. Inayopausha zaidi ndiyo kali zaidi. Mpaka leo madaraja ya ukali wa krimu yanategemea sana kipimo cha namna hiyo. Kwa hiyo ule weupe wa siku za mwanzo, sehemu yake ni damu kuondoka kwenye ngozi. Rangi yenyewe ya ngozi inakuja kupungua baadaye.

Shida ni kwamba ukipaka kila siku mshipa unazoea, haubani tena kama mwanzo, mtu anaongeza dozi. Akiacha, mshipa unafunguka kupita ulivyokuwa. Wapo wanaosema ni nitriki oksidi, ile gesi inayotolewa na seli za ndani ya mshipa ili ulegee: steroidi ilikuwa imeikandamiza, ikiondoka inamwagika yote kwa pamoja. Kwa hiyo mimi nasema mishipa ya dada ni ileile ya zamani ila IMEPANUKA na imeshindwa kurudi.

#7 Fundi Simu wa Buza

Asanteni. Kwa hiyo mpaka sasa kuna imekonda ngozi, kuna imepanuka mishipa. Hakuna aliyesema imeota mipya. Na lile la "huzuia mishipa kuota" ni kweli au chai?

#8 Mzee wa Darubini

Si chai. Daktari mmoja wa upasuaji wa watoto kule Boston, Judah Folkman, mwaka 1971 aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua kupita kipimo fulani mpaka uvute mishipa yake ya damu, na kwamba ukiikata hiyo mishipa unaua uvimbe kwa njaa. Watu walimcheka. Mwaka 1983 yeye na wenzake wakaonesha kuwa kortizoni inazuia mishipa kuota kwenye utando wa yai la kuku lenye kifaranga. Unatoboa dirisha kwenye ganda, unaweka dawa juu ya utando, unaona kwa macho mishipa inakwepa pale ulipoweka.

#9 Tabibu wa Kando

Heshima yako Mzee wa Darubini, ila hapo pana kipande kimeruka. Haikuwa kortizoni peke yake, ilikuwa kortizoni PAMOJA NA heparini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda. Ushirika wa hizo mbili ndio uliokuwa habari yenyewe.

Na 1985 kundi hilohilo likaja na jambo la ajabu zaidi. Kuna steroidi, mfano tetrahidrokortisoli, ambazo hazina nguvu ya kortisoli hata chembe: hazishushi uvimbe, hazipandishi sukari. Lakini ukiziweka na heparini zinazuia mishipa vilevile. Maana yake huenda mlango zinaopitia kuzuia mishipa si ule mlango wa kawaida wa kortisoli. Kwa hiyo mtu asije hapa na jibu la mstari mmoja kwamba "steroidi inaingia kwenye kipokezi chake (ile protini ya seli inayopokea homoni) basi". Hadithi ina milango mingi.

#10 Mzee wa Darubini

Sawa kabisa, na utando wa yai haupendi maneno mengi. Tuendelee.

#11 Mama Pacha Mmoja

Naomba niingilie na la kwangu, maana mnaongea vitu nimeviona kwa macho.

Kifungua mimba wangu alizaliwa na alama nyekundu ndogo juu ya kope, ukubwa wa punje ya mtama. Bibi yake akasema nilitamani nyanya. Kufikia miezi mitatu ilikuwa imevimba, jekundu la kung'aa, laini ukiligusa, jicho linashindwa kufunguka vizuri. Tulivyofika kwa daktari wa watoto akasema ni hemanjioma, yaani uvimbe wa seli za mishipa ya damu zinazoongezeka kwa kasi. Akaanzishiwa prednisoloni, na hiyo ni steroidi ya upande wa kortisoli kama mlivyoeleza. Uvimbe ukasimama, ukaanza kupauka katikati. Ila mtoto alivimba mashavu kama puto, halali, anakula kupita mtu mzima.

Miaka imepita, mtoto wa mdogo wangu naye katoka nalo shingoni. Yeye hakupewa prednisoloni, kapewa propranololi, na likasinyaa haraka kuliko la wangu. Kwa hiyo mleta uzi, kwa mwanangu steroidi iliizuia mishipa isiote. Hilo sisimuliwi.

#12 Chuma Ulete

Propranololi si ya presha na mapigo ya moyo? Au iligunduliwa kwa ajili ya hivyo vivimbe halafu ikapelekwa kwenye presha?

#13 Tabibu wa Kando

Kinyume chake mkuu. Ni ya moyo, ya tangu miaka ya 1960. Ya hemanjioma ilikuja kwa bahati. Kule Bordeaux, Ufaransa, kulikuwa na mtoto mwenye hemanjioma ya pua anatumia kotikosteroidi, yaani steroidi za upande wa kortisoli, na hizo steroidi zikamletea unene wa misuli ya moyo. Wakampa propranololi kwa ajili ya moyo. Kesho yake uvimbe umebadilika rangi na kulainika. Daktari Christine Léauté-Labrèze na wenzake wakaandika habari hiyo 2008, na leo propranololi ndiyo dawa ya kwanza kwa hemanjioma zinazohitaji dawa.

Kuhusu steroidi zilikuwa zinafanyaje kazi, mwaka 2010 watafiti wa Boston walichukua seli shina za hemanjioma, yaani seli mama zinazozaa nyingine, wakaziwekea deksamethasoni, nayo ya upande wa kortisoli. Seli zikapunguza kutoa VEGF, ile protini inayoziita seli za mishipa "njooni muote hapa". Zilipopandikizwa kwa panya hazikujenga mishipa. Kwa hiyo Mama Pacha Mmoja alichokiona kina maelezo.

#14 Mwali wa Mkuranga

Nauliza bila aibu maana humu hatujuani. Nina kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Tangu niwekwe natoka damu matone matone, leo ipo kesho haipo, nguo za ndani zimekwisha. Kliniki wakaniambia ni homoni, mwili utazoea. Kijiti nacho ni steroidi? Kina uhusiano na haya ya mishipa?

#15 Chuma Ulete

Uzi umeshaingia jikoni sasa, wanaume tutoke.

#16 Nesi Mstaafu Tanga

Kaa hapohapo usikie, siku moja utakuwa na mke.

Mwanangu Mwali, swali lako ndilo limekaa kwenye uzi huu kuliko yote. Kijiti, kiwe kimoja au viwili, kinatoa projestini, binamu wa projesteroni, na ndiyo, ni steroidi. Zamani tuliamini damu inatoka kwa sababu ukuta wa kizazi unabomoka kama wakati wa hedhi. Walipochunguza kizazi cha wanawake wenye vijiti kwa kamera na kwa vipande vidogo vya nyama, wakakuta vimishipa vya juujuu vilivyopanuka, kuta nyembamba, havina seli za kutosha za kuvishikilia pembeni. Vinapasuka kirahisi. Ndiyo yale matone.

Usikitoe kwa hasira kabla hujarudi kliniki. Wana njia: dawa ya maumivu aina ya ibuprofeni kwa siku chache, au vidonge vyenye estrojeni kwa muda mfupi kwa anayeruhusiwa kuvitumia. Ila damu ikiwa nyingi, au una maumivu, au ulikuwa sawa muda mrefu halafu ikaanza ghafla, nenda wakuangalie, yasije yakawa mengine.

#17 Maabara Chumba cha Pili

Nakazia la Nesi, na hapo ndipo utata unapozidi. Ukiziweka seli za ndani ya mshipa kwenye sahani ya maabara ukaziongezea projesteroni, zinapunguza kugawanyika. Ukiziongezea estrojeni, zinaongezeka na zinatembea kwenda kujenga mishipa. Kwenye sahani ni safi kabisa. Lakini kwenye kizazi cha mtu, projestini inakuachia vimishipa vilivyotanuka na dhaifu. Inazuia ukuaji au inazuia ukomavu? Mimi nadhani ni ukomavu, mshipa unabaki bila walinzi wake. Wengine wanasema kizazi kinakosa oksijeni kwa sababu mishipa ya chini imebanwa, nyama inaita VEGF, mishipa inaota ovyo. Sijaona aliyemnyamazisha mwenzake.

#18 Mzee wa Darubini

Anayependa vitu vya kuona kwa macho atafute kazi ya Markee ya 1940. Alichukua vipande vya ukuta wa kizazi cha nyani akavipandikiza kwenye chumba cha mbele cha jicho la nyani huyohuyo. Jicho lina kioo mbele, kwa hiyo akaketi anaangalia hedhi inavyotokea kwa hadubini! Homoni zinaposhuka ile mishipa iliyojisokota inajibana, nyama inapauka, halafu inafunguka na damu inatoka. Steroidi za ovari ndizo zilizokuwa zimeshika usukani, na kilichofuata baada ya steroidi hizo kushuka ndicho alichokiona mle.

#19 Bin Likoni

Nyani maskini. Yaani hedhi ya machoni.

#20 Kigoda cha Mbele

Karanga zimenipalia 😂😂

#21 Tabibu wa Kando

Turudi kwa estrojeni maana shemeji wa mleta uzi bado hajajibiwa.

Vile vidoa vyenye miguumiguu ni ateri ndogo iliyopanuka katikati na matawi yake. Bonyeza katikati kwa ncha ya kalamu, vinapotea. Achia, damu inajaa kuanzia katikati kwenda nje. Hutokea kwenye mimba kwa sababu estrojeni iko juu sana, na hutokea kwa wenye ini lililoharibika kwa makovu, maana ini ndilo linalovunja estrojeni na limechoka. Kwa ngozi zetu nyeusi havionekani kirahisi, kwa hiyo kumwona mtu mzima ambaye hana mimba navyo vingi kifuani si jambo la kupuuza, akapime ini.

Estrojeni kwenye mshipa inafanya mambo mawili yanayopingana, na hili wengi hawalijui. Mshipa una safu ya ndani, safu moja tu ya seli nyembamba, tuiite endotelia. Nje yake kuna misuli laini. Estrojeni inaiambia endotelia iongezeke, itembee, izibe jeraha, tena ndani ya dakika chache inaifanya itoe nitriki oksidi. Misuli laini ya nje inaambiwa itulie, isiongezeke. Homoni moja, mshipa mmoja. Ndani inakuza, nje inazuia.

Na kuna mwanamume mmoja aliyeandikwa kwenye majarida 1994, alikuwa na miaka 28, urefu sentimita 204 na mifupa bado inarefuka, kwa sababu kipokezi chake cha estrojeni kilikuwa kimeharibika kwenye jeni. Baadaye walipompima mishipa wakakuta hailegei inavyopaswa, na ya moyo imeanza kuziba kabla ya umri. Kwa hiyo Chuma Ulete, mambo ya estrojeni si ya jikoni peke yake.

#22 Chuma Ulete

Nimenyooshwa. Sasa kama estrojeni inajenga ndani na kuzuia nje, si mama zetu waliokoma hedhi wote wapewe ili moyo usizibe? Mbona rahisi.

#23 Mama Tumsifu

Walifikiri hivyohivyo mkuu, na walikuwa na hoja kama yako. Ikapimwa. Utafiti wa HERS wa 1998, wanawake 2,763 ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo, wakapewa estrojeni pamoja na projestini. Kwa jumla haikuwasaidia, na mwaka wa kwanza matukio ya moyo yaliongezeka. Halafu utafiti wa WHI huko Marekani, wanawake 16,608 wenye kizazi, ikasimamishwa 2002 kabla ya muda wake: mshtuko wa moyo, kiharusi, damu kuganda na saratani ya matiti vilipanda.

#24 Maabara Chumba cha Pili

Mama Tumsifu uko sahihi kwa namba, ila usifunge mlango. Wastani wa umri WHI ulikuwa miaka 63 hivi, wengi walikuwa wamekoma hedhi zamani. Wapo wanaoshikilia kuwa estrojeni inalinda mshipa ukiwa bado mzima, ukishajaa mafuta inakuja kuchokonoa. Wapo wanaosema kosa ni ile projestini iliyochanganywa. Wapo wanaosema ni kumeza, kwa sababu kidonge kinapita kwenye ini na kulisukuma litengeneze vigandisha damu, ungepaka kwenye ngozi ingekuwa tofauti. Makundi matatu, na kila moja lina karatasi zake.

#25 Tabibu wa Kando

Niwaongezee mchuzi. Estrojeni hiyohiyo ikifika kwenye ini inabadilishwa, mojawapo ya mabaki yake ni 2-methoksiestradioli. Mwaka 1994 ikaoneshwa kwenye jarida la Nature kuwa baki hilo LINAZUIA mishipa kuota na linadumaza uvimbe kwa panya. Yaani mama anaotesha, mtoto wake anang'oa, na wote wamo kwenye damu ileile.

#26 Fundi Simu wa Buza

Wakuu mmenimaliza. Niliuliza kuhusu mashavu ya jirani, nimepelekwa kwenye jicho la nyani.

Nimeongea na dada jana. Nimemsomea #4 na #5. Amesema hilo la kuwaka akiacha ni kweli tupu, ndiyo maana haachi. Anauliza: vimishipa vitaondoka? Na aache ghafla au polepole?

#27 Mama Tumsifu

Asiache mwenyewe kwa kukisia, hasa kama anapaka mwili mzima. Klobetasoli ikipakwa eneo kubwa kwa muda mrefu inaingia kwenye damu, tezi za juu ya figo zinalala. Ukikata ghafla mtu anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha kushuka mpaka kuzimia. Aende kwa daktari wa ngozi na hiyo tyubu mkononi, aseme ukweli wote, na chupa ya losheni aibebe pia kwa sababu wanachokoroga humo wakati mwingine kuna haidrokwinoni na zebaki. Steroidi, haidrokwinoni na zebaki, vyote vitatu ni marufuku kwenye vipodozi hapa kwetu Tanzania. Akitaka kujua madaktari wa ngozi wanatoka wapi, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992 na wanafunzi wake wametawanyika nchi nyingi.

Ngozi inaweza kunenepa tena kwa kiasi. Michirizi haiondoki. Vimishipa, baadhi vinafifia, baadhi vinabaki, na hivyo vinavyobaki huchomwa kwa leza.

#28 Inyange wa Nyamirambo

Habari zenu ndugu. Hapa Kigali mwishoni mwa 2018 walifanya msako madukani, makatoni kwa makatoni yakabebwa. Siku hizi hazipangwi mbele ya duka, unauliza kwa sauti ya chini. Nimefuatilia uzi wote na kuna jambo moja hamjaligusa: JUA.

Anayejikoroga ameondoa melanini, ile rangi ya ngozi ambayo ndiyo mwavuli. Miale ya jua ikipiga ngozi inaifanya itoe VEGF, hiyohiyo mliyoisema kwenye hemanjioma, na mishipa midogo huongezeka. Angalieni mahali vimishipa vinapotokea: mashavuni, puani, kwenye shingo ya blauzi. Kwenye tumbo anapaka dawa ileile, mbona tumboni anapata michirizi na hapati vimishipa? Mimi nasema ni mishipa MIPYA, na aliyeiotesha ni jua, steroidi imevunja uzio tu.

#29 Mama Tumsifu

Dada Inyange hoja nzuri, ila ngozi ya uso ni nyembamba kuliko ya tumbo na inanyonya dawa zaidi, kwa hiyo ingeonesha mishipa kwanza hata ukikaa gizani. Na wagonjwa wanaotumia steroidi kali kwa pumu ya ngozi mikononi, ndani ya kiwiko ambako jua haligusi, nao hupata.

#30 Inyange wa Nyamirambo

Hupata, lakini si kwa wingi huo. Na wewe hujaeleza kwa nini akiacha mwaka mzima, ngozi imerudi unene, vingine bado vipo. Kama vilikuwa vinaonekana tu kwa sababu pazia limekonda, pazia likirudi vingefichika.

#31 Bin Likoni

Hapo Mama Tumsifu kashikwa.

#32 Maabara Chumba cha Pili

Hajashikwa. Mshipa uliopanuka muda mrefu bila kolajeni ya kuubana pembeni hubaki umepanuka, hata hauhitaji kuwa mpya. Hiyo ni ya kwangu ya #6 na bado imesimama.

#33 Mpiga Zumari

Samahani kwa kuchelewa, nina kesi inayowapinga wote. Baba yangu ana kisukari, macho yakaanza kuona ukungu. Daktari wa macho akasema mishipa ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inavuja na kuna hatari ya kuota mipya isiyofaa. Akadungwa steroidi NDANI ya jicho, triamsinoloni. Uvimbe ukakauka, akasoma gazeti tena. Kwa hiyo kule mishipa inavuja, steroidi inaitengeneza. Kwa dada mishipa ni mizima, steroidi inaiharibu. Dawa za ukoo uleule!

Ila presha ya jicho ilipanda ikabidi apewe matone, na mtoto wa jicho ukaja mapema.

#34 Tabibu wa Kando

Haiwapingi, Mpiga Zumari. Kwenye jicho la baba kuna VEGF nyingi kwa sababu retina haipati oksijeni, na steroidi inaishusha na kukaza maungio kati ya seli za mshipa. Kwa dada hakukuwa na ugonjwa wa kushusha. Dozi, muda, na seli ipi inapokea ujumbe, ndivyo vinavyoamua. Ukisikia mtu anasema "steroidi hufanya hivi kwa mishipa" muulize steroidi ipi, mshipa upi, safu ipi, kwa muda gani.

#35 Chuma Ulete

Na testosteroni ya gym je? Naulizia rafiki.

#36 Nesi Mstaafu Tanga

Huyo rafiki yako apime presha na mafuta ya damu kwanza, halafu afungue uzi wake.

#37 Inyange wa Nyamirambo

Mama Tumsifu na Maabara, ubishi wetu unaisha kirahisi: kipande cha ngozi cha shavuni na kipande cha tumboni, mtu mmoja, chini ya hadubini ya Mzee wa Darubini. Unahesabu mishipa kwa eneo. Ikiwa mingi zaidi shavuni, nimeshinda.

#38 Mzee wa Darubini

Shavu la kawaida lina mishipa mingi kuliko tumbo hata kwa asiyepaka kitu. Utahitaji shavu lake kabla hajaanza kupaka.

#39 Mama Tumsifu

Na nani atakubali kukatwa shavu kwa ajili ya uzi? Fundi, muulize dada kama ana picha za zamani za karibu, zisizochujwa na simu. Wewe si ndiye unayemtengenezea simu.